Askari wa Kubuni: Studio Ndogo na Michezo ya Kuiga Kazi ya Polisi, 1987–2025

Kuiga ni jambo la kale katika maisha ya wanadamu. Mtoto huiga mwendo wa baba yake kabla hajajua aendako baba huyo, na mwanagenzi wa useremala huiga mkono wa fundi kabla hajapewa ubao wa mteja. Katika kila mwigo pana maswali mawili. La kwanza, je, mwigo umefanana na kitu chenyewe? La pili, je, mwenye kuiga amejifunza lolote juu ya kitu hicho? Maswali haya hayana jibu moja. Mwigo mmoja waweza kufanana sana usifundishe neno, na mwingine waweza kufanana kidogo ukafundisha mengi.

Miongoni mwa miigo ya zama hizi ni michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hushika kazi ya mtu mwingine kwa muda: akawa rubani, dereva wa lori, mkulima, au askari polisi. Kazi ya rubani na ya dereva ni kazi baina ya mtu na chombo. Chombo kina uzito, kasi na mipaka yake, na hayo yote huweza kupimwa kwa hesabu. Kazi ya polisi ni kazi baina ya mtu na watu, tena mtu aliyepewa na dola uwezo wa kumsimamisha mwenziwe njiani, kumpekua, kumfunga pingu, na pengine kumwua. Mchezo unaoiga uwezo huo hauna budi kusema, kwa kutaka au kwa kutotaka, uwezo huo unatoka wapi na unaishia wapi. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wapenzi wa michezo hii wamelibishania kwa miaka mingi: je, studio ndogo, yenye watu wachache na fedha haba, yaweza kutengeneza mchezo mwema wa kazi ya polisi?

Kabla ya kujibu ni haki kufafanua maneno mawili. Studio ndogo inayojitegemea ni ile ambayo uamuzi wa kazi yake umo mikononi mwa watengenezaji wenyewe, hata kama wamekopa fedha au wametafuta mchapishaji wa kuwauzia. Hesabu ya watu si kipimo kamili, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa studio na watu arobaini waweza kuwa studio ndogo bado. Na mchezo mwema wa polisi ni ule unaomfanya mchezaji auone uzito wa sheria mkononi mwake. Uzuri wa picha, wingi wa magari na ukubwa wa mji ni mapambo. Mapambo hupendeza, lakini nyumba haikai juu ya mapambo.

Historia ya jambo hili yaweza kuanzwa mwaka 1987, kwa sababu katika mwaka huo ilitokea michezo miwili iliyokwenda njia mbili mbali mbali. Wa kwanza uliitwa APB, ukatengenezwa na Atari Games kwa ajili ya kumbi za michezo, mahali ambapo mchezaji hutumbukiza sarafu na kucheza akiwa amesimama au ameketi mbele ya mashine. Mchezaji aliendesha gari la askari aitwaye Bob, akawakamata watupa taka na madereva wakosefu mpaka atimize idadi aliyopangiwa kwa siku ile. Akikosea aliandikiwa alama za lawama, na alama zikizidi alifukuzwa kazi. Mpaka hapo mchezo ulikuwa na busara fulani, kwani ulijua kwamba askari naye ana mkubwa wake na hesabu ya kutoa. Lakini alipokamatwa mhalifu mkubwa, mchezaji alitakiwa abonyeze vitufe upesi upesi ili amtikise mtu yule mpaka akiri, na afanye hivyo kabla mkubwa wa stesheni hajafika na kuyaona. Jambo ambalo mahakamani lingeiharibu kesi nzima lilifanywa kichekesho cha sarafu moja.

Mchezo wa pili ni Police Quest: In Pursuit of the Death Angel. Huu ulitengenezwa na Sierra On-Line, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na Ken na Roberta Williams, na makao yake yalikuwa katika mji mdogo wa Oakhurst, California. Mbunifu wake, Jim Walls, hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa askari wa barabara kuu za California aliyestaafu baada ya kunusurika na risasi kazini. Picha za mchezo huo zilikuwa vipande vipande vya rangi kama mkeka wa ukili, na mchezaji aliandika maneno kwa mkono ili askari wake, Sonny Bonds wa mji wa kubuni wa Lytton, atende jambo. Hata hivyo ndani ya umaskini huo wa picha mlikuwa na utajiri wa kanuni. Askari aliyeondoa gari pasipo kulizunguka na kulikagua alipata ajali, na mchezo ukaisha. Aliyeingia gerezani na bastola yake pasipo kuiweka kwanza kabatini aliyalipa maisha yake. Mtuhumiwa alipaswa kufungwa pingu, kupekuliwa na kusomewa haki zake, kila jambo kwa zamu yake.

Wachezaji wengi walilalamika kwamba mchezo huo ulikuwa mkali kama mwalimu wa mazoezi ya askari, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Lakini ukali huo ndio uliobeba mafunzo. Kwa mara ya kwanza mchezaji alielewa kwamba kanuni za polisi hazikuandikwa kwa ajili ya kumchosha askari. Kila kanuni ilikuwa kaburi la mtu fulani aliyekufa kwa kukosekana kwake. Mambo hayo hayakutoka katika mtambo wenye nguvu wala katika fedha nyingi. Yalitoka katika kumbukumbu ya mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo kwa kusema kwamba ujuzi wa askari ndio siri ya mchezo mwema, ila historia yenyewe inakataa. Walls aliondoka wakati wa kutengenezwa kwa mchezo wa tatu wa mfululizo huo, uliotolewa mwaka 1991, na Sierra ikatafuta jina jingine la kuweka juu ya kasha. Jina lililopatikana ni la Daryl F. Gates, mkuu wa polisi wa Los Angeles tangu 1978 mpaka 1992. Mwezi wa Machi 1991 askari wa idara yake walipigwa picha wakimpiga Rodney King kando ya barabara. Mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Warren Christopher ilieleza kwa urefu matumizi ya nguvu kupita kiasi katika idara hiyo. Mwezi wa Aprili 1992, askari walioshtakiwa walipoachiliwa, mji uliwaka moto na watu zaidi ya 50 walikufa. Mwaka uliofuata, 1993, ukatoka mchezo Police Quest: Open Season wenye jina la Gates, na picha zake zilipigwa katika mitaa ya Los Angeles yenyewe.

Mchezo ule ulifanana na mji kuliko michezo yote iliyoutangulia, maana kuta zake zilikuwa kuta za kweli na nyuso zake nyuso za watu wa kweli. Pamoja na hayo, swali lililokuwa likiutikisa mji huo, yaani nani amkemee askari anapovuka mpaka, halikupata nafasi ndani yake. Basi ujuzi wa ndani si lazima uwe ukweli. Askari wa barabarani alileta kanuni zinazomfunga askari mwenyewe, na mkuu wa idara akaleta fahari ya idara yake. Tofauti hiyo haikuletwa na vyombo, kwa kuwa kampuni ilikuwa ile ile.

Mfululizo huo uligeuka baadaye ukawa hadithi ya vikosi maalumu vya silaha, kuanzia Police Quest: SWAT wa 1995, na kilele chake kikawa SWAT 4, uliotolewa mwaka 2005 kwa fedha za Vivendi Universal. Waliotengeneza ni Irrational Games, studio iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu watatu, na wakati huo ilikuwa bado inajitegemea. Iliuzwa kwa Take-Two mwaka uliofuata. Kwa sura, SWAT 4 ulikuwa mchezo wa bunduki kama mingine. Kwa kanuni ulikuwa karibu kinyume cha mingine yote. Mchezaji alipaswa kupaza sauti na kumwamuru mtu asalimu amri kabla ya kufyatua. Risasi iliyopigwa pasipo sababu ya haki ilimpunguzia alama, hata kama aliyepigwa alikuwa mhalifu. Kila mtu, mwema na mwovu, alifungwa pingu na kuripotiwa makao makuu, na kila silaha iliyoanguka iliokotwa. Mchezaji aliyewaua wahalifu wote aliweza kutoka na alama haba, na aliyewakamata wote wakiwa hai akatoka na sifa. Hivyo alama, ambazo katika michezo mingi huhesabu maiti, humu zilihesabu subira.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilijaribu kwa fedha nyingi. Mwaka 2011 Team Bondi ya Sydney, ikichapishiwa na Rockstar, ilitoa L.A. Noire baada ya kazi ya miaka saba hivi. Kamera 32 zilitumika kunasa uso wa kila mwigizaji ili mchezaji asome uongo katika mikunjo ya paji la uso. Kazi hiyo ilikuwa ya ajabu, na katika kesi zake za mauaji ilikuwa na ujasiri wa kumwonyesha mpelelezi akiwapeleka kizuizini watu wasio na hatia. Hata hivyo gharama yake kwa watu ilikuwa nzito. Zaidi ya wafanyakazi 100 hawakuandikwa majina yao katika orodha ya waliotengeneza, au waliandikwa isivyo sahihi, na studio ikafungwa mwaka huo huo. Mwaka 2015 Electronic Arts ilitoa Battlefield Hardline, uliotengenezwa na studio yake ya Visceral. Huo ulichukua mchezo wa vita ukauvika sare za polisi. Mchezaji aliweza kuonyesha kitambulisho na kumkamata mtu, lakini mwili wa mchezo ulibaki mwili wa vita, na mitaa ya raia ikawa uwanja wa mapigano. Visceral ilifungwa mwaka 2017. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na msemo huo hautokei mara nyingi kwa uwazi kama ulivyotokea hapa.

Sasa yafaa kurudi kwa wadogo. Mwaka 2013 una thamani ya pekee katika habari hii, kwa kuwa ulikuwa na kushindwa na kufaulu kwa pamoja. Jim Walls alirudi na mradi mpya alioupa jina la Precinct, akauomba umma katika Kickstarter umchangie dola 500,000. Watu walimkumbuka na kumheshimu, lakini michango haikukaribia kiasi hicho, na mradi ukavunjwa. Mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani baada ya kuacha kazi katika studio kubwa ya Naughty Dog, alitoa Papers, Please, mchezo alioutengeneza peke yake kwa muda wa miezi tisa hivi.

Papers, Please haukuitwa mchezo wa polisi, ila kazi iliyomo ni ya askari wa mpakani katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, mwaka 1982. Mchezaji haoni mji wala haendeshi gari. Anaona dirisha, meza, na karatasi. Wasafiri wanakuja mmoja mmoja na pasipoti zao, naye anatazama tarehe, picha, mhuri na jina la mji, kisha anapiga mhuri wa kukubali au wa kukataa. Kanuni huongezeka kila siku. Makosa mawili ya kwanza kwa siku huonywa bure, na ya baadaye hukatwa katika mshahara. Jioni inafika hesabu ya chakula, kuni na dawa ya mtoto. Basi anapotokea mwanamke asiye na kibali, na mumewe amekwisha kupita mbele yake, mchezaji hupima huruma yake kwa fedha za dawa ya mtoto wake mwenyewe. Hakuna mhadhara unaotolewa. Sheria, njaa na dhamiri zimewekwa juu ya meza moja ndogo, na mchezaji ameachwa nazo. Mchezo huo ulipata tuzo kuu ya tamasha la michezo huru mwaka 2014, na kufikia 2023 ulikuwa umeuza nakala milioni 5.

Ushindi huo ulifungua njia. Mwaka 2016 Weappy Studio, kundi dogo la Minsk, Belarus, lilitoa This Is the Police. Mchezaji ni Jack Boyd, mkuu wa polisi mwenye umri wa miaka 60, naye ana siku 180 tu kabla ya kustaafishwa. Mji wote ameuona kama ramani juu ya meza: simu inalia, naye anachagua askari gani waende na wangapi wabaki. Meya anamwagiza mambo ya aibu, likiwamo agizo la kuwafukuza askari wote weusi, na kumkatalia kuna bei yake. Mwaka 2017 Pixel Crow ya Warsaw ilitoa Beat Cop, ambamo mpelelezi aliyeshushwa cheo anapewa mtaa mmoja wa New York ya miaka ya 1980, na kila siku ana idadi ya faini za magari ya kutimiza. Wenye maduka wanamjua kwa jina, majambazi wanampa rushwa, na mshahara hautoshi.

Michezo hii miwili haikukosa dosari, na dosari zake ni za aina moja. Watengenezaji walikuwa Wabelarusi na Wapolandi waliouandika mji wa Marekani kwa kuutazama katika filamu. Beat Cop ulilaumiwa kwa mzaha mchafu juu ya makabila ya watu, na This Is the Police ulilaumiwa kwa kuigusa fitina ya rangi kisha kuiacha njiani pasipo kuielewa. Lawama hizo zilikuwa za haki. Uchache wa fedha haukuwa sababu yake. Maneno ya kuazima ndiyo yaliyowaponza, kama mtu anayesimulia msiba wa jirani kwa habari alizosikia dirishani. Pope aliliepuka shimo hilo kwa kubuni nchi yake mwenyewe, ambayo mila na sheria zake alizijua zote kwa kuwa alizitunga yeye.

Njia nyingine, iliyo ngumu zaidi, ilikuwa ya Wajerumani, kwani walitaka kuiga kazi ya kila siku ya askari mahali pa wazi. Autobahn Police Simulator, uliotengenezwa na Z-Software ya Dortmund mwaka 2015, ulimpa mchezaji barabara kuu, ajali, koni za kuzuia magari na karatasi za kuandika. Nia ilikuwa njema, na kazi yenyewe ikawa na makosa mengi ya kiufundi: magari yalienenda kama yaliyorogwa, na watu walisimama kama vinyago. Mwaka 2019 astragon ya Düsseldorf ilichapisha Police Simulator: Patrol Duty, nao haukupata sifa njema. Hapo wengi walikata shauri kwamba mambo ya polisi si ya studio ndogo. Mji mzima, walisema, wataka mamia ya watu, na mtaka yote hukosa yote.

Hoja hiyo ina nguvu, maana askari wa doria hawezi kueleweka pasipo watu anaowachunga. Raia wa mchezo wakiwa vinyago, haki zao nazo huwa za vinyago. Lakini mwaka 2021 Aesir Interactive ya München ilianza kutoa Police Simulator: Patrol Officers, uliokamilika Novemba 2022, ikaonyesha njia ya kulipunguza tatizo. Mchezaji hakuanza na gari la mbio. Alianza kwa miguu, katika mtaa mmoja wa mji wa kubuni uitwao Brighton, akiangalia magari yaliyoegeshwa vibaya. Mitaa mingine na madaraka mengine aliyapata kwa kuyastahili. Tena aliwekewa aina mbili za alama, moja ya kazi aliyoitimiza na nyingine ya mwenendo wake. Askari aliyempekua mtu pasipo sababu, au aliyetumia nguvu isiyotakiwa, alipoteza alama za mwenendo, hata kama mkoba wa mtu yule ulikutwa na kitu cha haramu. Makosa ya kiufundi yalikuwamo bado. Lakini kanuni kwamba matokeo mema hayaihalalishi njia mbaya ilisimama, nayo ndiyo ambayo APB wa 1987 uliichekea.

Katika upande wa vikosi vya silaha, nafasi iliyoachwa na SWAT 4 ilijazwa na VOID Interactive, studio iliyoanzishwa mwaka 2016. Mchezo wao, Ready or Not, ulianza kuuzwa kabla ya kukamilika mwezi wa Desemba 2021. Mwezi huo huo studio ilitengana na mchapishaji wake na kuendelea peke yake mpaka ilipoukamilisha Desemba 2023. Moja ya matukio yake ni shambulio la bunduki katika chuo, jambo ambalo Marekani limewaliza wazazi wengi. Wapo waliosema kuwa huko ni kufanya biashara juu ya makaburi, na wapo waliosema kuwa askari wa kikosi hicho hawachagui msiba wanaoitiwa. Pande zote mbili zina neno la kusikilizwa. Lililo wazi ni kwamba uhuru wa studio ndogo una ncha mbili. Humwezesha mtengenezaji kugusa kidonda ambacho kampuni kubwa ingekikwepa, na humwacha pasipo mtu wa kumwuliza kama mkono wake ni safi. Mchezo huo uliongeza jambo moja la hekima: katika namna moja ya kuucheza, askari wa kikosi huumia moyoni kwa waliyoyaona, nao wakipuuzwa huacha kazi.

Wapo pia waliofanya kazi pasipo studio wala mshahara. Mwaka 2015 wapenzi wa michezo walitoa bure LSPDFR, nyongeza inayougeuza mji mkubwa wa Grand Theft Auto V, uliojengwa na Rockstar kwa ajili ya hadithi ya wezi, ukawa mahali pa doria ya polisi. Wengine wakaongeza simu za dharura, sare na taratibu za kuwahoji madereva. Hivyo tatizo la mji lilitatuliwa kwa kupanda juu ya bega la mkubwa. Lakini mgeni hukaa kwa hisani ya mwenye nyumba. Mwenye mji akibadili misingi yake, kazi ya wapenzi hawa husimama mpaka waitengeneze tena.

Mfano mmoja wa mwisho una njia inayofika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2017 Jutsu Games ya Poland ilitoa 911 Operator, ambamo mchezaji hupokea simu za dharura na kupeleka polisi, magari ya wagonjwa na wazima moto. Studio hii haikujenga mji hata mmoja. Ilichukua ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na mchezaji akaweza kuchagua karibu mji wowote autakao. Sasa, ramani hizo kwa upande wa Dar es Salaam zilitajirishwa sana na mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wenyeji, walipita kwa miguu katika mitaa inayofurika, Tandale ikiwa mojawapo, wakiandika njia, mifereji na nyumba. Waliifanya kazi hiyo kwa ajili ya kukinga mafuriko. Ramani iliyochorwa kwa jasho lao iliingia katika hazina ile ile ambayo studio ndogo ya Ulaya iliijengea mchezo wake.

Hata hivyo anayeufungua mji huo katika mchezo hukuta simu zikilia kwa Kiingereza, na misiba inayosimuliwa ni ya Kimarekani. Barabara ni za Dar es Salaam, na vinywa ni vya kwingine. Hakuna balozi wa mtaa, hakuna mgambo, hakuna mama anayepiga simu na kuanza kwa salamu kabla hajasema kwamba mwizi yumo ndani. Ramani yaweza kupatikana bure, lakini desturi za watu hazipatikani isipokuwa kwa wenyewe. Jambo hili laeleza dosari za Beat Cop kwa upande wa pili: fundi wa mbali hukosea pale anapolazimika kuwasemea watu asioishi nao.

Hesabu ya miaka hii karibu arobaini yaweza sasa kufanywa. Michezo iliyofaulu haikufaulu kwa sababu ya udogo wa studio zake, maana wapo wadogo wengi walioanguka. Walifaulu waliokubali kupunguza uwanja ili waongeze kina: meza moja kwa Pope, mtaa mmoja kwa Pixel Crow, zamu ya miguu kwa Aesir. Mwaka 2025 Fallen Tree Games ya Nottingham ilipotoa The Precinct, mji wake wote wa Averno, wa mwaka 1983, ulitazamwa kutoka juu kama atazamavyo ndege. Kwa uamuzi huo mmoja studio ilijipunguzia gharama ya nyuso na kuta, ikabaki na nafasi ya doria, faini, na kuchagua shtaka linalomstahili aliyekamatwa. Wembamba wa reli gari moshi hupita, lakini sharti reli iwe imelazwa sawasawa.

Jambo la pili ni kwamba kanuni za mchezo ndizo maneno yake ya kweli. APB ulisema kwa kanuni zake kwamba kukiri ni kukiri, hata kwa kutikiswa. SWAT 4 ulisema kwamba maisha ya mhalifu ni amana mkononi mwa askari. Hakuna hotuba iliyotolewa katika michezo hiyo miwili, na mchezaji alielewa. Kanuni hazihitaji kamera 32. Huandikwa kwa fikra, na fikra haina bei ya dukani. Kwa sababu hiyo, katika aina hii ya michezo kuliko katika nyingine nyingi, pengo baina ya mkubwa na mdogo ni dogo.

Jambo la tatu ni zito kuliko hayo. Kijana anayecheza michezo hii hujifunza sura ya mamlaka kabla hajakutana nayo barabarani. Akizoea kwamba pingu ni ushindi na mtuhumiwa ni alama, atakuwa na mazoea hayo siku atakapovaa sare, au siku atakapoona jirani yake akivutwa na wenye sare. Akizoea kuulizwa kila mara, «Ulikuwa na sababu gani ya kumsimamisha?», atakuwa na swali hilo mdomoni. Jim Walls na mwenzake mkubwa wa Los Angeles wote walikuwa askari wa kweli, na michezo iliyobeba majina yao ilifundisha mambo mawili tofauti. Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzo ni ndiyo: studio ndogo yaweza, tena imekwisha kuweza mara kadhaa. Sharti lake ni kuijua sheria ya mahali panapoigwa, kuwajua watu wanaoishi chini ya sheria hiyo, na kukubali kwamba askari wa kubuni naye atatoa hesabu ya kila aliyemgusa. Ramani ya Tandale imekwisha kuchorwa na wanafunzi waliopita njia zake kwa miguu. Mchezo utakaozungumza lugha ya njia hizo ungali unamngojea mtengenezaji wake, na hauna haja ya kungojea kampuni kubwa.